Kuzamia ziwani: yanayosemwa ufuoni Kisumu na yaliyo kweli

Kila chombo kinapozama katika Ghuba ya Winam, mkono wa Ziwa Victoria unaofika Kisumu, wapiga mbizi huitwa, na ufuoni hukusanyika watu wenye maelezo tayari kuhusu kinachoendelea chini ya maji. Mengi ya maelezo hayo yameazimwa kutoka baharini. Ziwa huchukuliwa kuwa bahari ndogo, isiyo na chumvi wala papa, na kwa hiyo nyepesi zaidi kwa mzamiaji. Dhana hiyo ndiyo mama wa nyingine nyingi zitakazotajwa hapa, kwa kuwa ziwa la nyanda za juu lina kanuni zake, na katika baadhi ya mambo humdai mzamiaji hesabu kali kuliko zile anazodaiwa baharini.

“Mita 18 ni mita 18, ziwani au baharini”

Hili ndilo kosa la hatari zaidi, kwa sababu madhara yake hayaonekani papo hapo. Uso wa Ziwa Victoria uko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, na hapo mgandamizo wa hewa ni takriban asilimia 87 tu ya ule wa Mombasa. Mwili wa mzamiaji hauhesabu mita peke yake. Jambo kubwa kwake ni mgandamizo unapungua mara ngapi anapopanda kutoka chini hadi juu, kwa maana naitrojeni iliyoyeyuka katika damu na mafuta ya mwili hulazimika kutoka kwa kadiri hiyo, na ikitoka kwa kasi hufanya mapovu yanayoleta maumivu ya viungo, ganzi, kupooza na hata kifo. Baharini mgandamizo huwa maradufu ya ule wa juu mtu anapofika mita 10. Kisumu huwa maradufu katika mita 9, ingawa maji yasiyo na chumvi ni mepesi kidogo kuliko yale ya bahari.

Ukipiga hesabu hiyo mpaka mwisho, utaona kwamba mita 18 za Ziwa Victoria zapaswa kusomwa katika jedwali la baharini, yaani orodha inayoonyesha muda salama wa kukaa katika kila kina, kama mita 20 hivi, na muda wa kukaa chini upunguzwe ipasavyo. Majedwali ya wazamiaji, ambayo chimbuko lake ni kazi ya Mskoti John Scott Haldane iliyochapishwa mwaka 1908, yaliandaliwa kwa mtu anayeanza na kumaliza safari yake katika usawa wa bahari, na mafunzo ya kawaida ya uzamiaji hutaka marekebisho yaanze mara eneo linapozidi mita 300 juu ya usawa huo. Hakuna ziwa la magharibi mwa Kenya, wala la Bonde la Ufa karibu na Nakuru, lililo chini ya kiwango hicho. Baadhi ya kompyuta ndogo zinazovaliwa mkononi ili kumpigia mzamiaji hesabu hizi hutambua mwinuko zenyewe, na nyingine husubiri kurekebishwa na mwenyewe. Asiyejua yake ni ya aina gani amevaa saa ya bei ghali tu. Aidha, anayewasili Kisumu kutoka Pwani na kuingia majini siku hiyo hiyo huwa tayari na naitrojeni ya ziada mwilini, kwa kuwa ameacha hewa nzito na kuja kwenye hewa nyepesi, hata kama hajazamia popote.

“Ukishatoka majini, hatari imekwisha”

Wanaoishi Kisumu wanaijua barabara ya kwenda Nakuru: tambarare za Ahero, kisha mlima hadi Kericho, ulio takriban mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, kisha Londiani na Mau Summit, ambako mwinuko unazidi huo. Kwa abiria wa matatu, safari hiyo huziba masikio kidogo tu, lakini kwa mtu aliyezamia asubuhi ni kama kupanda ndege, kwa sababu mgandamizo unaendelea kupungua wakati mwili wake bado una naitrojeni ya kutoa. Chumba cha abiria katika ndege kubwa hewa yake huwa kama ya mahali penye mwinuko usiozidi mita 2,400, na hilo linatosha kuonyesha kwamba ukingo wa Mau si wa kudharauliwa. Mwongozo unaotumiwa na wazamiaji wengi duniani ni kusubiri angalau saa 12 baada ya kuzamia mara moja, na saa 18 baada ya kuzamia mara kadhaa au siku kadhaa mfululizo, kabla ya kupanda ndege au kwenda mahali pa juu. Kwa hiyo timu iliyoitwa kutoka Nakuru au Eldoret kutafuta mtu ziwani inapaswa kupangiwa mahali pa kulala Kisumu. Hili ni jambo la utawala na fedha kuliko la ushujaa, na ndiyo sababu husahaulika. Maumivu ya bega yanayoanza usiku baada ya safari kama hiyo huitwa uchovu, yakapakwa dawa ya kuchua, ilhali yanahitaji oksijeni na daktari anayejua maana yake.

“Ghuba si ya kina, basi haina hatari”

Ni kweli kwamba sehemu kubwa ya Ghuba ya Winam ina maji ya mita chache tu, na hata ziwa zima, lenye ukubwa wa takriban kilomita za mraba 68,800, kina chake hakizidi mita 85. Hata hivyo mapafu yaliyojaa hewa iliyovutwa kutoka mtungini yanaweza kupasuka mtu akipanda akiwa amebana pumzi, hata kutoka kina kisichofika mita 2, kwani mgandamizo hubadilika kwa uwiano mkubwa zaidi karibu na uso wa maji kuliko huko chini. Mvuvi anayejua kuogelea na kupiga mbizi kwa pumzi yake mwenyewe hana hatari hiyo, kwa kuwa hewa aliyoshuka nayo ndiyo anayopanda nayo. Akikopeshwa mtungi bila mafunzo, mazoea yake ya kubana pumzi hugeuka kuwa adui yake.

Mtungi wenyewe huitwa “mtungi wa oksijeni” hata katika taarifa za habari. Ndani yake kwa kawaida mna hewa hii hii tunayovuta, iliyoshindiliwa: oksijeni asilimia 21, na karibu yote iliyobaki ni naitrojeni. Oksijeni tupu ikivutwa chini ya mita 6 hivi inaweza kumtia mtu degedege, na degedege chini ya maji ni kufa maji.

“Baridi ni shida ya Wazungu”

Maziwa ya baridi yenyewe yana taabu zake, na ni vyema kuzieleza kabla ya kuyalinganisha na letu. Maji huwa mazito kuliko yote yakifika nyuzi 4 za Selsiasi, na ndiyo sababu vilindi vya maziwa makubwa ya kaskazini, kama Superior huko Amerika Kaskazini, hubaki karibu na kiwango hicho hata wakati wa kiangazi. Katika maji hayo kifaa cha kupumulia kinaweza kuganda, kwani hewa inayotoka mtungini hupoa zaidi inapotanuka, na kikiganda humwaga hewa bila kukoma hadi mtungi uishe. Wazamiaji wa huko huvaa suti zisizoingiza maji kabisa, zenye nguo za joto ndani yake. Wengi hudhani pia kwamba anayetumbukia katika maji hayo hufa kwa mwili kupoa mara moja, lakini sivyo: dakika ya kwanza au mbili humtisha kwa kumfanya ahemeheme na kumeza maji, kisha mikono na miguu hupoteza nguvu, na joto la ndani ya mwili huchukua nusu saa au zaidi kushuka hadi kiwango cha hatari.

Ziwa Victoria, lenye nyuzi 23 hadi 28, halifikii huko. Hata hivyo maji hupitisha joto mara 25 hivi kuliko hewa, na mtu asiye na vazi la kumkinga huhitaji maji ya nyuzi zipatazo 33 au zaidi ili asipoteze joto akiwa ametulia. Mpiga mbizi anayepapasa matope ya Ghuba kwa saa nzima, amevaa kaptura na fulana, hutoka akitetemeka, vidole vizito, akili imepungua kasi, na huo ndio wakati anapoombwa aingie tena kwa sababu jamaa wanalia ufuoni. Kumpa chang’aa ili apate joto ni kumwongezea hasara: pombe hutanua mishipa ya ngozini na kuzidisha joto linalopotea.

“Tochi kali itamwonyesha njia”

Katika ufa wa Silfra nchini Iceland, wenye maji ya nyuzi 2 hadi 4, mtu huweza kuona zaidi ya mita 100. Katika Ghuba ya Winam, tope la mito Nyando na Sondu pamoja na mwani wa kijani hufanya mkono wako mwenyewe upotee mbele ya uso, na mwanga wa tochi hurudishwa machoni na chembe hizo. Kwa hiyo kazi hufanywa kwa kupapasa, mzamiaji akiwa ameshika kamba inayosimamiwa na mwenzake aliye juu, wakiwasiliana kwa kuivuta, naye akibeba kisu cha kukatia nyavu zilizotelekezwa. Anayetoka Mombasa apunguze pia vipande vya risasi, yaani madini mazito anayojifunga kiunoni ili azame, kwa kuwa maji yasiyo na chumvi humwinua kidogo kuliko ya bahari: kilo 2 na ushei kwa mtu ambaye pamoja na vifaa vyake anafika kilo 100, la sivyo atazama matopeni kabla ya kuanza kazi.

“Ziwa humrudisha mtu siku ya tatu”

Mwili huibuka kwa sababu bakteria hutoa gesi ndani yake, na kasi ya bakteria hao hutegemea joto. Katika maji ya nyuzi 25 yasiyo ya kina, siku chache mara nyingi hutosha. Ndiyo asili ya siku tatu zinazotajwa. Katika vilindi vya Superior, baridi huzuia gesi na uzito wa maji huibana, na wengi waliozama huko hawakuibuka kamwe. Kinachosahaulika ni kwamba katika maji yasiyo na mkondo mkali mwili huzama karibu na mahali mtu alipoonekana mara ya mwisho, hivyo shahidi anayeweza kupaonyesha kwa uhakika ana thamani kuliko mashua kumi zinazozunguka.

Wala si kila aliyezama na chombo amekufa. Kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na kisiwa cha Ukara, Tanzania, tarehe 20 Septemba 2018, wapiga mbizi walimtoa mhandisi wake akiwa hai siku mbili baadaye, akiwa amesalia penye hewa. Miaka 22 kabla yake, MV Bukoba ilipopinduka karibu na Mwanza, ubavu wake ulitobolewa kwa nia njema. Hewa iliyokuwa ikiielesha ikatoka, nayo ikazama.

“Kiboko na mamba ndio wa kuogopwa”

Waogopwe, naam. Lakini anayewatisha wapiga mbizi kidogo na kuwadhuru zaidi ni kichocho, kinachoingia kupitia ngozi kutoka kwa konokono wa ufuoni, bila kuhitaji kunywa maji. Suti ya mpira hupunguza hatari bila kuiondoa. Anayefanya kazi majini mara kwa mara apimwe, na akipatikana nacho atibiwe kwa prazikwanteli, akijua kwamba tiba hiyo haimkingi atakapoingia tena.