Jua kali si dalili ya maji ya moto
Wengi hudhani jua likishawaka pwani ya Mediterania, maji nayo yamepata joto. Sivyo. Bahari huchelewa kupashika kuliko hewa. Mwezi Mei kule Nice, kusini mwa Ufaransa, mchana hewa hufika nyuzi 20 na maji yako kwenye 17 hivi: baridi ya kukukata pumzi ukijirusha ghafla, na hapo ndipo mtu humeza maji. Ingia taratibu, jimwagie shingoni na kifuani, subiri pumzi itulie ndipo uogelee. Málaga, Hispania, hata Agosti maji hayafikii joto la Nice, kwa kuwa maji baridi ya bahari ya Atlantiki huingia kupitia mlango-bahari wa Gibraltar. Mwezi mzuri hasa ni Septemba. Wakati huo kisiwani Cyprus bahari huwa nyuzi 27 hivi.