Bei ya kutupa haimtoi mteja wasiwasi

Wafanyakazi huru wengi (wanaojitafutia wateja bila kuajiriwa), hasa wanaoanza, huamini kwamba mteja asiyewafahamu atawaamini wakishusha bei. Sivyo. Mteja mgeni anahofia pia kupotezewa muda, kupokea kazi mbovu, au kulipa kisha simu isipokelewe. Bei ya kutupa haigusi hofu hata moja kati ya hizo, na mara nyingine huzichochea: ataanza kujiuliza kuna kasoro gani.

Kinachomtuliza ni kuona umeielewa kazi yake. Tuseme anataka mwongozo wa mashine utafsiriwe. "Naweza, tena kwa bei nafuu" ni jibu la kila mtu. Anayeuliza kama mwongozo huo utasomwa na mafundi au wanunuzi, kama kuna istilahi ambazo kampuni imeshazizoea, na nani ataidhinisha nakala ya mwisho, huyo ameonyesha ujuzi kabla hajalipwa chochote. Akiambatisha aya moja ya mfano, bora zaidi. (Aya moja, si sura nzima, kazi ya bure isiyo na mpaka ni mtego.)

Kisha yaandikwe: kitakachokabidhiwa, tarehe, na marekebisho mangapi yamo ndani ya bei. Malipo yaende kwa awamu, ili mambo yakiharibika hasara iwe ndogo kwa pande zote mbili. Na kama tarehe anayoitaka mteja haiwezekani, mwambie siku hiyohiyo anapoitaja. Baadhi ya wateja wataondoka, na hao hata bei ya chini isingewazuia kulalamika baadaye.