Vibanda vya Marangu havipunguzi urefu wa Kilimanjaro

Kikundi kikipanga kupanda Kilimanjaro, wengi hukimbilia njia ya Marangu kwa hoja moja: kuna vibanda vya kulala, kwa hiyo ni mteremko. Vibanda vipo kweli, Mandara, Horombo na Kibo, vyenye vitanda na magodoro, na mvua ikinyesha usiku utawahurumia wenye mahema. (Mfuko wa kulalia nenda nao, baridi haibishi hodi.)

Ila kinachowarudisha watu njiani zaidi ni hewa nyepesi. Ratiba ya siku 5 inakutoa Horombo, mita 3,720, hadi Kibo, kama mita 4,700, kwa siku moja. Usiku huohuo, mnamo saa sita, unaanza kupanda kuelekea kilele cha Uhuru, mita 5,895. Kichwa kikigonga na chai ikikataa kukaa tumboni, paa halikusaidii kitu. Kinachosaidia ni kuongeza siku moja, ziwe 6: mnalala Horombo mara mbili, mchana mnapanda kidogo upande wa kilele cha Mawenzi, kisha mnarudi kulala chini. Wanaobana bajeti huikata siku hiyo kwanza, na hapo ndipo wanapokosea. Anayesikia kichefuchefu naye asiwaonee haya wenzake. Amwambie kiongozi mapema.