Poni: farasi mdogo ambaye si mtoto

Ukiuliza poni ni mnyama gani, utajibiwa upesi: ni farasi mdogo. Si uongo, ila jibu hilo lina mtego. Kwa Kiswahili mtu huwa mdogo kwa kimo, na huwa mdogo kwa umri pia. Mdogo wangu anaweza kunipita urefu kwa shibiri nzima na bado akabaki mdogo wangu. Ndiyo maana wapo wanaodhani poni ni mtoto wa farasi, na kwamba akilishwa vizuri atakuja kuwa farasi kamili. Hawi. Poni wa miaka 20 ni mzee, huenda ana vitukuu, na kimo chake ni kilekile.

Wasimamishe pamoja mtoto wa farasi na poni wa Shetland aliyekomaa, utaona tofauti mara moja. Mtoto ni miguu mitupu: mirefu, myembamba, inakaribia kulingana na ya mama yake, na juu yake kiwiliwili kidogo kama cha kuazima. Singa za shingoni ni fupi, zimesimama kama brashi. Poni yeye ana miguu mifupi yenye mifupa minene, kifua kipana, tumbo la mviringo, shingo nene, na singa tele zinazomwangukia machoni.

Mpaka wenyewe umewekwa kwa kipimo. Mnyama hupimwa kuanzia ardhini hadi pale shingo inapokutana na mgongo, si hadi kichwani, maana kichwa hakitulii. Waingereza hupima kwa upana wa kiganja, ambao ni inchi 4, na kwa kawaida poni hazidi viganja 14 na inchi 2, yaani sentimita 147 hivi. Huandikwa 14.2, na nukta hiyo imewaponza wengi kwa sababu si desimali: baada ya 14.3 inafuata 15. Katika mashindano ya kimataifa kikomo ni sentimita 148 bila viatu vya chuma, 149 akiwa navyo. Poni wa Shetland wako chini kabisa ya hapo. Wao hawapaswi kuzidi sentimita 107.

Hata hivyo, rula peke yake haitoshi. Farasi wa Iceland wengi wana kimo cha poni, lakini watu wa huko huwaita farasi na hawataki kusikia jina jingine. Falabella wa Argentina ni mfupi kuliko poni wengi, naye huhesabiwa farasi kwa sababu umbo lake ni la farasi aliyepunguzwa. Kwenye mchezo wa polo mambo yamegeuka: kila mnyama anayepandwa uwanjani huitwa poni, hata akivuka kikomo kwa mbali. Kwa maoni yangu neno hili linaeleza umbo na kazi kuliko linavyoeleza sentimita.

Na sasa asili yake, ambako ule mtego wa mdogo unarudi. Kilatini kilikuwa na neno pullus, mtoto wa mnyama, hasa kifaranga. Ukoo huohuo ndio uliowapa Wafaransa poule, yaani kuku. Kutoka hapo likaja poulain, mtoto wa farasi, kisha likatiwa kiambishi cha kudogosha kinachofanya kazi kama ki- yetu, likawa poulenet: kijitoto cha farasi. Yaelekea Waskoti walilichukua hilo wakalitamka powny, na katika karne ya 17 tayari linaonekana katika maandishi. Safarini maana ya umri ikadondoka, ikabaki ya kimo. Kwa hiyo anayedhani poni ni mtoto hajakosea sana, amechelewa tu miaka mia kadhaa. Baadaye Wafaransa walilipokea tena kutoka kwa Waingereza kama poney, kama mtu anayenunua koti lake mwenyewe mnadani. Kwetu ni poni, na halina undugu wowote na kupona.

Jina likishazoeleka hutangatanga. Huko Marekani, kati ya Aprili 1860 na Oktoba 1861, Pony Express ilipeleka barua kutoka Missouri hadi California kwa siku 10 hivi, wapandaji wakibadilisha wanyama njiani, hadi telegrafu, yaani mtambo wa kupeleka ujumbe wa maandishi kwa waya, ilipoimaliza kazi hiyo. Wanafunzi wa Marekani nao waliita poni ile tafsiri ya siri ya kitabu cha Kilatini: wenzao wanatembea kwa miguu, wao wamepanda. Mitaani London poni ni pauni 25. Kwenye nywele, Waingereza wanao mkia wa poni, unaofungwa kisogoni. Wajerumani wakisema Pony kwa kinyozi wanataka nywele za mbele zikatwe zishuke kwenye paji la uso, karibu na macho, vilevile anavyozivaa mnyama mwenyewe.