Mnara wa kuongozea ndege si rada

Mnara wa kuongozea ndege ni jengo lenye chumba cha vioo juu yake, ambamo waongoza ndege huutazama uwanja na kutoa ruhusa ya kuruka, kutua na kutembea ardhini. Maana yenyewe inaishia hapo. Tatizo ni kwamba hapa Arusha mnara umebebeshwa kila jambo la anga, hata ikasemwa kwamba mnara wa KIA, Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Kilimanjaro, unaifuatilia ndege iliyo bado juu ya Dodoma.

Kazi ya mnara ni ya macho. Mwaka 1920, katika uwanja wa Croydon kusini mwa London, kilijengwa chumba kilichoinuliwa chenye madirisha pande zote nne, ili anayezungumza na marubani kwa redio awe pia anaona uwanja. Huko St. Louis nchini Marekani, mwaka 1929, mwongoza ndege Archie League hakuwa na jengo lolote: alisukuma toroli lenye kiti, mwavuli na bendera, akawapungia marubani bendera hizo kuwaruhusu au kuwazuia. Hadi leo, redio ya ndege ikiharibika, mwongoza ndege huielekezea taa kutoka mnarani, na taa ya kijani isiyomweka humwambia rubani atue.

Kwa sababu hiyo urefu wa mnara hutokana na haja ya kuona, tofauti na mnara wa simu unaoinuliwa kwa ajili ya mawimbi. Mji unapokua, njia ya kurukia hurefushwa na majengo mapya ya abiria huziba upande mmoja, na mwongoza ndege asiyeiona ncha ya njia hawezi kujua kama imebaki wazi. Ndipo mnara mrefu zaidi unapojengwa, au wa zamani unapohamishwa. Wanaojenga ghorofa karibu na Kisongo, ulipo uwanja wa ndege wa Arusha, ambao hulalamikia kibali cha urefu kutoka Mamlaka ya Usafiri wa Anga, wangefaa kulikumbuka hilo, ingawa kibali hicho hulinda zaidi njia ya ndege yenyewe.

Ndege ikishaondoka eneo la uwanja, mnara huikabidhi kwa waongoza ndege wa mkaribio, yaani wanaoshughulikia ndege zinazoukaribia au kuuacha uwanja, na ikipanda zaidi hupokewa na kituo cha eneo, ambacho kwa anga letu kipo Dar es Salaam. Hao ndio watazamao skrini za rada, na hawahitaji dirisha. Wanaochanganya wana kisingizio kidogo, maana katika viwanja vingi chumba cha rada huwa chini ya mnara uleule, na mahali pengine mtu mmoja hufanya kazi zote mbili.

Hata mnara usio na watu haujaiacha kazi hiyo ya macho. Tangu mwaka 2021 ndege za uwanja wa London City huongozwa kutoka Swanwick, zaidi ya kilomita 100 mbali, kwa picha za kamera zilizofungwa kwenye mlingoti wa mita 50.

Kwa hiyo anayempokea mgeni Kisongo, akisikia kwamba mnara umeichelewesha ndege inayotoka Seronera, huko Serengeti, na aulize kwanza ndege ilikuwa wapi. Ikiwa ilikuwa bado Serengeti, mnara wa Kisongo ulikuwa haujaiona.