Kuongeza viti si kuongeza njia

Wengi huamini kwamba uwanja ukishapanuliwa, msongamano wa siku ya mechi utapungua, kwa kuwa kila mwenye tiketi atapata kiti. Imani hiyo si sahihi, kwani msongamano wa hatari mara nyingi huanzia nje, pale maelfu wanapofika karibu kwa wakati mmoja. Mwongozo wa usalama wa viwanja nchini Uingereza hauruhusu kukadiria zaidi ya watu 660 kwa saa kwa kila mlango wa kuzunguka, yaani ule unaopitisha mtu mmoja mmoja. Kwa hiyo viti 10,000 vya ziada vinahitaji angalau milango 16 ili mashabiki hao waingie ndani ya saa moja, achilia mbali barabara na vituo vya usafiri.

Katika uwanja wa Hillsborough, jijini Sheffield, Uingereza, mwaka 1989, mashabiki wa kusimama wapatao 10,100 walitengewa milango 7 tu. Foleni iligeuka msukumano, lango la kutokea likafunguliwa, na umati ukamiminika kwenye vizimba vya katikati, yaani sehemu za kusimama zilizozungushiwa uzio, ilhali vya pembeni vilikuwa na nafasi; watu 97 walipoteza maisha. Mpango wa upanuzi usioonyesha njia za watu haustahili kibali.