Si kila "-cide" ni dawa ya wadudu

Ukienda Container Village, pale Kampala ambapo maduka ya pembejeo yamebanana, chupa na pakiti nyingi zina maandishi ya Kiingereza, na maneno yaliyoandikwa juu yake huishia kwa mkia uleule: -cide. Mnunuzi husema tu "nipe dawa". Mkia huo umetoka kwenye kitenzi cha Kilatini caedere, yaani kukata au kuua, na unapotosha watu wengi shambani na hata mahakamani.

Dhana: Maadamu inaua, itaua wadudu.

Ukweli: Mkia unakuambia kuna kinachouawa, basi. Ni kipi? Hilo liko mwanzoni mwa neno. Insecticide ni ya wadudu, fungicide ni ya kuvu, herbicide ni ya magugu, rodenticide ni ya panya na jamaa zao. Mancozeb ni fungicide. Ukiinyunyizia mahindi yaliyovamiwa na viwavijeshi, umewaogesha tu. Kukosea kwa herbicide ni kubaya zaidi. Ile iitwayo 2,4-D huua mimea ya majani mapana na kuyaacha mahindi, kwa kuwa mahindi ni ukoo wa nyasi. Sasa sisi Uganda wengi tunachanganya mahindi na maharage shamba moja. Bomba likipita hapo, mahindi yatasimama na maharage yatakwisha. Glyphosate nayo haichagui: karibu kila mmea wa kijani inaougusa hufa, mahindi yako yakiwemo. Muuzaji akikusifia kwamba "hii inaua kila kitu", mrudishie chupa yake.

Dhana: Pesticide ni jina jingine la dawa ya wadudu.

Ukweli: Ni jina la ukoo mzima, na herbicide na fungicide zimo ndani yake. Kiswahili sanifu kimepanga vizuri: viuatilifu ndio ukoo, kisha wanakuja viuadudu, viuagugu na viuakuvu. Mkulima angeelewa mara moja, ila lebo nyingi hazimsemeshi kwa Kiswahili.

Dhana: -cide siku zote ni tendo la kuua.

Ukweli: Kilatini kilikuwa na mikia miwili, -cida kwa muuaji na -cidium kwa tendo lenyewe. Kiingereza kiliikata yote miwili ikabaki mmoja. Ndiyo maana pesticide ni kitu kinachoua, suicide ni tendo la kujiua, na regicide ni kumuua mfalme au hata yule aliyemuua. Wako pia wasioua mtu: decide ni mtoto wa caedere aliyebaki na maana ya kukata, nasi tunasema vilevile, kukata shauri. Coincide si ndugu yao kabisa. Asili yake ni cadere, kuanguka.

Dhana: Homicide ni murder, na infanticide ni kuua mtoto mchanga, aliyeua awe nani.

Ukweli: Homicide ni mtu kusababisha kifo cha mwenzake, hata kwa ajali au katika kujitetea. Murder, yaani kuua kwa kukusudia, ni sehemu yake tu. Infanticide katika sheria ya jinai ya Uganda ni finyu zaidi: ni mama aliyesababisha kifo cha mwanawe wa chini ya miezi 12, akili yake ikiwa imevurugika kutokana na uzazi. Adhabu yake ni kama ya kuua bila kukusudia. Baba akimuua mtoto huyohuyo, hawezi kujificha chini ya neno hilo.

Dhana: Genocide ni kuua watu wengi sana.

Ukweli: Neno hili lina aliyelitunga na mwaka wake. Mwanasheria Raphael Lemkin, Myahudi wa Poland, alilichapisha mwaka 1944 akiunganisha genos ya Kigiriki, yaani kabila au ukoo, na mkia wetu wa Kilatini. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1948 haukutaja idadi yoyote. Unachotaka ni nia ya kuangamiza, lote au sehemu yake, kundi la kitaifa, kikabila, la rangi au la dini. Kuzuia kundi lisizae kwa nia hiyo kumo, na kuwahamisha watoto wake kwa nguvu pia. Mwaka 1994 mto Kagera ulileta maiti kutoka Rwanda hadi Ziwa Victoria, na wengi walizikwa upande wetu, Kasensero, Lambu na Ggolo. Mahakama ya Umoja wa Mataifa iliyokaa Arusha kwa kesi za Rwanda ilipowahukumu wahusika wa mauaji hayo kwa kosa la genocide, kuhesabu maiti hakukutosha. Waendesha mashtaka walipaswa kuthibitisha nia.